Kilichomo Nyuma ya Dirisha: Jinsi ya Kutambua Viunzi vya Programu Zilizosakinishwa Kwenye Kompyuta

Mwezi Septemba 2025, Apple ilipotoa macOS Tahoe, watu wengi waliokimbilia kusasisha kompyuta zao walijikuta na mashine inayosuasua: madirisha yanakwama yakisogezwa, na kichakata michoro kinafanya kazi kana kwamba kuna mchezo mzito unachezwa, ilhali mwenye kompyuta anasoma barua pepe tu. Uchunguzi ulionyesha kuwa chanzo kimoja kikubwa kilikuwa Electron, kiunzi ambacho programu nyingi za kila siku zimejengwa juu yake. Ndani ya Electron kulikuwa na msimbo mfupi uliobadilisha utaratibu wa ndani wa Apple uitwao _cornerMask, unaohusika na umbo la pembe za dirisha, na katika Tahoe badiliko hilo likawa linamtwisha mzigo WindowServer, yaani sehemu ya mfumo inayochora madirisha yote. Kwa hiyo dirisha la programu moja lililoachwa wazi lilitosha kuichosha kompyuta nzima. Dawa ilipatikana upesi, katika matoleo 36.9.2, 37.6.0 na 38.2.0 ya Electron, lakini haikuweza kumfikia mtumiaji moja kwa moja, kwa kuwa kila mtengenezaji wa programu ilimbidi achukue toleo jipya la kiunzi, aijenge programu yake upya, kisha aisambaze.

Mtumiaji akabaki na swali ambalo mfumo wake hauna pa kulijibia: kati ya programu zote nilizosakinisha, ni zipi zimejengwa kwa Electron, na kila moja imebeba toleo gani? Menyu za programu nyingi hazisemi, duka la programu halisemi, na jina la programu halidokezi lolote. Ndiyo maana muda mfupi baadaye vilizuka vijiprogramu vya kupekua folda ya Applications na kuorodhesha zilizokuwa na toleo lenye hitilafu. Vyombo vya namna hiyo vilikuwapo tangu zamani, kwenye Windows na Linux pia, ila wengi waliviona kuwa ni vya kukidhi udadisi tu. Kuelewa vinavyofanya kazi, na mahali vinapokosea, kunahitaji kwanza kujua kinachotafutwa ni nini.

Hakuna mtunga programu anayechora kitufe kwa nukta moja moja. Anachukua kiunzi, au fremuweki, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine ambao unajua kufungua dirisha, kupanga maandishi, kupokea mbofyo wa kipanya na kuzungumza na mfumo endeshi. Yeye anaongeza mantiki ya kazi yake juu yake. Viunzi hivi vimegawanyika katika koo kadhaa. Kuna vile vinavyotolewa na mwenye mfumo, kama AppKit na SwiftUI za Apple, au Windows Forms, WPF na WinUI za Microsoft. Kuna vile vinavyokusudiwa kuandika mara moja na kuendesha kwenye mifumo mingi: Qt, iliyoanzishwa Norway na Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng na kutolewa hadharani mwaka 1995, GTK, iliyozaliwa kutokana na programu ya picha ya GIMP, wxWidgets, na Flutter ya Google, ambayo ilianza kwenye simu kabla ya kuhamia kwenye kompyuta. Halafu kuna ukoo wa wavuti, ambao programu yake kwa hakika ni ukurasa wa intaneti uliofungiwa ndani ya dirisha. Humo ndani Electron, iliyoanza mwaka 2013 huko GitHub kwa jina la Atom Shell, na CEF (Chromium Embedded Framework), inayotumiwa na Spotify na Steam, hubeba kivinjari chao kizima aina ya Chromium, yaani msimbo ambao Chrome ya Google imejengwa juu yake. Tauri kwa upande wake huazima kivinjari kilichokwisha kuwapo kwenye mfumo.

Msomaji asidhani kwamba programu moja ina kiunzi kimoja popote inapokwenda. VLC kwenye Windows na Linux hutumia Qt, lakini kwenye Mac ina uso wake ulioandikwa kwa viunzi vya Apple. Microsoft Teams ilianza ikiwa ya Electron, na toleo jipya lililotoka mwaka 2023 likahamia WebView2, kivinjari cha Edge kilichowekwa ndani ya Windows. Hivyo chombo kinachotegemea orodha ya majina, ya kwamba Teams ni hiki na VLC ni kile, kitachakaa kabla ya mwaka kwisha. Chombo cha kuaminika husoma kilichomo kwenye diski ya mtu huyo, siku hiyo.

Kazi ya kwanza, ambayo kwa mbali huonekana nyepesi, ni kujua kuna programu gani. Kwenye Mac ni rahisi kiasi, kwa sababu programu nyingi ni folda yenye jina linaloishia na .app na huwekwa mahali pamoja. Kwenye Windows taarifa hutawanyika: sehemu ya rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, iitwayo Uninstall ipo kwa ajili ya mashine nzima, kuna nyingine kwa ajili ya programu za biti 32, na nyingine tena kwa kila mtumiaji, mara nyingi nafasi ya kuandika programu imewekwa folda gani huachwa tupu, na programu zilizotoka kwenye duka la Microsoft hukaa katika folda ya WindowsApps, ambayo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuitazama. Kwenye Linux kuna mafaili ya .desktop, lakini amri iliyoandikwa humo huweza kuwa skripti fupi inayoita programu yenyewe iliyo mahali pengine kabisa, au inayoita kifurushi cha Flatpak au Snap, ambavyo ni mifumo ya kusambaza programu zikiwa zimefungashwa pamoja na maktaba zake. Chombo kinachoripoti programu chache kuliko zilizopo hakijakosea kutambua viunzi. Kimeshindwa hatua moja kabla ya hapo.

Baada ya programu kupatikana ndipo utambuzi huanza, nao hauna uchawi wowote. Kiunzi huacha alama pale kilipotumika, kama sufuria inavyoacha masizi yanayomwambia mpishi kwamba chakula kilipikwa kwa kuni. Tuchukue programu ya Electron iliyosakinishwa kwenye Windows na kuifungua folda yake. Kitakachoonekana kwanza ni faili kuu la .exe lenye ukubwa unaopita megabaiti 100, ukubwa ambao hauelezeki kwa programu ya kuandikia madokezo, mpaka mtu akumbuke kwamba Chromium nzima imo humo. Pembeni yake kuna ffmpeg.dll ya kucheza sauti na video, icudtl.dat yenye taarifa za lugha, tarehe na herufi za dunia nzima, chrome_100_percent.pak yenye vipicha vya kivinjari, v8_context_snapshot.bin inayoharakisha kuwaka kwa injini ya JavaScript, na LICENSES.chromium.html, ukurasa mrefu wa leseni ambao hakuna anayeusoma lakini ambao kwa mpelelezi ni ushahidi mzuri. Ndani ya folda ya resources kuna app.asar, faili moja lililofungasha msimbo wote wa mtunga programu.

Kwenye folda kuu ya programu hiyo kuna nyingine iitwayo locales, na ndani yake, miongoni mwa mafaili zaidi ya hamsini, kuna sw.pak. Hiyo ni tafsiri ya Kiswahili ya maneno ya Chromium yenyewe, na imo hata kwenye programu ambazo hazina neno hata moja la Kiswahili kwenye uso wake, isipokuwa mtengenezaji awe ameamua kuondoa lugha asizozihitaji. Kwa hiyo huenda msomaji ana nakala kadhaa za faili hilohilo kwenye diski yake, moja kwa kila programu ya ukoo huu, bila kujua.

Alama za viunzi vingine hazina wingi huo lakini zinasomeka. Programu ya Qt huwa na Qt5Core.dll au Qt6Core.dll, na folda ndogo ya platforms yenye qwindows.dll. Ya Flutter huwa na flutter_windows.dll na folda ya data yenye flutter_assets. Ya CEF ina libcef.dll. Iliyoandikwa kwa Python na kufungashwa kwa PyInstaller hubeba faili kama python311.dll. Mchezo uliojengwa kwa Unity hutambulika kwa UnityPlayer.dll. Programu za .NET ya kisasa, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu, mara nyingi huwa na faili linaloishia na runtimeconfig.json, ambalo humo ndani husema wazi kama zinahitaji maktaba za madirisha za Windows. Kwenye Mac mahali pa kutazama ni Contents/Frameworks ndani ya programu, ambako folda iitwayo Electron Framework.framework au QtCore.framework hujitangaza yenyewe.

Tatizo ni kwamba alama moja huweza kuwa ya wengi. Mafaili libEGL.dll na libGLESv2.dll hupatikana kwenye Electron, kwenye CEF, na pia kwenye programu nyingi za Qt 5, kwa sababu wote watatu walitumia safu ileile ya kuchora iitwayo ANGLE. Icudtl.dat hupatikana pia kwenye Flutter, na vilevile kwenye programu ya Qt iliyoongezewa QtWebEngine, ambayo nayo imebeba Chromium ndani. Hata app.asar si lazima iwepo: VS Code, kihariri cha msimbo cha Microsoft, ni ya Electron bila ubishi, lakini msimbo wake umewekwa katika folda ya kawaida iitwayo app ndani ya resources. Chombo chenye kanuni moja tu kwa kila kiunzi kitaiita programu ya Qt kuwa ya Electron, na ya Electron kitaiita isiyojulikana.

Hapo ndipo uchunguzi unapohitaji kushuka kutoka kwenye majina ya mafaili hadi ndani ya faili kuu. Kila faili linaloendeshwa lina jedwali linaloorodhesha maktaba linazozihitaji ili liweze kuanza. Kwenye Windows jedwali hilo limo katika muundo unaoanza na herufi MZ, kwenye Linux ni katika muundo wa ELF, na kwenye Mac ni Mach-O, ambako amri ya otool -L hulionyesha jedwali lote kwa mistari inayosomeka. Programu inayoita SwiftUI.framework na isiyo na kivinjari ndani yake ni ya Apple moja kwa moja. Ikiita UIKit kutoka kwenye njia inayoanza na /System/iOSSupport, basi ni programu ya iPad iliyoletwa kwenye Mac kwa Catalyst, tofauti ambayo jicho la mtumiaji huihisi lakini haliwezi kuithibitisha. Kwenye Linux wengi hukimbilia ldd, na hapa inafaa kutahadharisha: mwongozo wa amri hiyo wenyewe unasema isitumike kwa faili usiloliamini, kwa kuwa katika mazingira fulani huweza kuliendesha. Amri ya objdump -p husoma jedwali bila kuliendesha faili. Chombo kinachojiita cha uchunguzi hakina sababu ya kuiendesha programu inayochunguzwa.

Jedwali nalo lina mipaka yake. Mtunga programu akiunganisha Qt nzima ndani ya faili lake kuu, hakuna Qt6Core.dll wala jina lake katika orodha ya mahitaji. Kilichobaki ni kusaka maneno ndani ya faili: majina ya madaraja ya msimbo, ujumbe wa makosa, namba za matoleo zilizosahaulika humo. Njia hii hufanya kazi mara nyingi, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu neno QWidget, ambalo ni jina la daraja mojawapo la Qt, linaweza kuwamo kwenye faili la msaada au kwenye programu ambayo kazi yake ni kuchunguza programu nyingine. Chombo cha kutambua viunzi kinachojichunguza chenyewe kwa njia hii kitagundua kuwa kimejengwa kwa viunzi vyote vya duniani. Na faili likiwa limebanwa au kufichwa kwa makusudi, hata maneno hayo hupotea. Hapo jibu la haki ni kwamba haijulikani, pamoja na maelezo ya kilichotafutwa kisipatikane.

Binafsi sivutiwi na vyombo vinavyoandika asilimia ya uhakika mbele ya kila jibu, kwa sababu mara chache asilimia hizo zimetokana na kipimo; nyingi ni uzito ambao mwandishi wa chombo alijipangia. Mstari unaosema kwamba programu hii ni ya Electron kwa kuwa app.asar imeonekana mahali fulani, na kwamba toleo lake limesomwa kutoka faili fulani, humpa msomaji uwezo wa kwenda kuhakiki mwenyewe. Vilevile jibu lisilazimishwe kuwa moja. Docker Desktop, programu inayotumiwa na watunga programu, ina uso wa Electron na huduma za nyuma zilizoandikwa kwa lugha ya Go. Kuna programu za WPF zenye kipande cha WebView2 katika ukurasa mmoja tu wa kuingia kwenye akaunti. Kuibandika programu kama hiyo jina la kiunzi kimoja ni kuficha nusu ya ukweli.

Lakini jina la kiunzi, hata likiwa sahihi, halina manufaa makubwa bila toleo. Tarehe 11 Septemba 2023 Google ilitoa marekebisho ya dharura ya Chrome kwa ajili ya udhaifu uliopewa namba CVE-2023-4863, ulioripotiwa na timu ya usalama ya Apple pamoja na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto. Udhaifu huo ulikuwa katika libwebp, maktaba ndogo ya kusoma picha za aina ya WebP: picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuifanya maktaba iandike nje ya eneo la kumbukumbu ililopewa, na tayari kulikuwa na watu wanaoutumia udhaifu huo kushambulia wengine. Vivinjari vilisasishwa ndani ya siku chache, na watu wengi wakadhani mambo yamekwisha. Hata hivyo libwebp ilikuwamo ndani ya kila programu ya Electron, na Qt nayo ilikuwa na kiendelezi chake cha kusomea picha hizo. Meneja wa mitandao katika ofisi yenye kompyuta mia alihitaji kujua ni programu zipi zenye Electron iliyo nyuma ya matoleo yaliyorekebishwa, na kwa kila moja amwandikie mtengenezaji, aisasishe, au aiondoe. Orodha ya majina bila namba isingemsaidia.

Bahati nzuri namba hizo hupatikana. Ndani ya faili kuu la Electron kuna maneno ambayo programu hujitambulisha nayo kwa seva, yenye Chrome/ na namba, kisha Electron/ na namba yake. Kwenye Mac, faili la Info.plist lililo ndani ya Electron Framework lina toleo waziwazi. Mafaili ya Qt kwenye Windows yana namba katika sifa zake, ambazo mtu yeyote anaweza kuziona kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya. Timu ya Electron hutunza matoleo makuu matatu ya karibuni tu, na toleo kuu jipya hutoka takriban kila wiki nane. Ukifanya hesabu utaona kwamba programu ambayo haijasasishwa kwa mwaka mmoja imekwisha kuondoka katika orodha ya wanaopokea marekebisho, hata kama inafanya kazi vizuri na haijawahi kumletea mwenyewe shida.

Namba hizo hizo huwafaa wenye mashine za zamani, ambao katika maofisi, mashule na vibanda vya huduma za intaneti vya Afrika Mashariki si wachache. Electron 22 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7 na 8. Toleo la 23, lililotoka Februari 2023, liliifunga njia hiyo kwa sababu Chromium yenyewe ilikuwa imekwisha kuifunga. Qt 6 inataka Windows 10 kwenda juu. Python kuanzia 3.9 haikubali Windows 7. Fundi anayejua kiunzi na toleo anaweza kusema mapema ni programu ipi kwenye mashine hiyo imefika mwisho wa safari, badala ya kupakua sasisho la megabaiti mia na ushee kwa kifurushi cha simu, kisha likakataa kuwaka.

Kinachopasa kuepukwa ni kuligeuza jina la kiunzi kuwa hukumu. Ni kweli kwamba programu ya Electron hufungua michakato kadhaa, mmoja wa kusimamia, mmoja wa michoro, na wa kuchora kurasa kwa kila dirisha, na kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4 programu tatu za aina hiyo hukaba pumzi ya mashine. Lakini chombo cha kutambua viunzi hakipimi kumbukumbu wala kasi. Vipimo hivyo vina vyombo vyake, na Task Manager ni kimojawapo. Kuna programu za Qt zinazovuja kumbukumbu na za Electron zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa.

Ukoo unaobaki na utata zaidi ni ule wa Tauri na wenzake, ambao faili lake kuu huweza kuwa na megabaiti chache tu na hakuna Chromium yoyote pembeni. Hapa toleo linalohusu usalama halimo kabisa ndani ya folda ya programu. Kwenye Windows limo katika folda ya EdgeWebView, ambako kuna folda ndogo yenye namba ya toleo kama jina lake, na hujisasisha yenyewe. Kwenye Linux limo katika kifurushi cha WebKitGTK kinachosimamiwa na mfumo. Kwenye Mac ni WebKit ya Apple, ambayo husonga mbele kwa kadiri Apple inavyoendelea kuihudumia macOS ya mashine hiyo. Kwa hiyo kwenye Mac ambayo haipokei tena masasisho, programu nyepesi ya Tauri iliyotolewa jana huonyesha kurasa zake kwa injini ya miaka iliyopita, ilhali jirani yake mzito wa Electron, maadamu bado inakubali mfumo huo, amekuja na Chromium ya mwezi huu. Chombo kinachotaka kuwa na maana kwa mwenye mashine hiyo kinapaswa kuonyesha, mbele ya kila programu ya ukoo huu, toleo la injini ya mfumo inayoiazima, na wala si toleo la Tauri peke yake.